Cheni ya Njia Mbili

Kiwandani, 9 Februari

Dada yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na goti la mama limempa nafasi ya kufika uani bila kushikwa mkono. Mimi nipo. Siwezi kusema mzima, nasema nipo. Wamenihamishia kwenye mabirika ya chokaa, pale ngozi zinapolowekwa mpaka manyoya yaachie. Kazi yangu ni kuzivuta kwa ndoana, kuzitandika kwenye gogo na kukwangua mafuta yaliyobaki. Yanatoka kama makamasi. Ukila unayaona, ukilala unayanusa. Chumbani tumejaa mpaka mlangoni na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba ananuka, maana nani aanze? Mwenzangu wa kitanda cha chini tunamwita Bubu kwa sababu hanyamazi. Jana alioga, akajinusa kwapa, akasema, "Jamani, nimeharibu sabuni bure."

Sasa la lori. Umeandika kwamba asubuhi likiwashwa linakereketa mbele, kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, halafu likipata moto linanyamaza. Mimi nimekuwa utingo wa baba tangu miguu yangu haijafika chini nikikaa kitini. Hiyo ni cheni ya taimingi, ile ya ndani mbele ya injini inayozungusha kamshafti kufuatana na krenki. Imelegea. Mafuta yakipanda yanakisukuma kikazio, kinaibana kidogo, ndiyo maana kelele inakoma. Watu wengi husikia kelele imekoma wakadhani ugonjwa umepona. Ikiruka meno, valvu zitagongana na pistoni, na hapo hutakuwa tena na injini. Utakuwa na chuma cha kuuza kwa kilo.

Msinunue huko. Maduka ya hapo stendi nayajua, wanakupa bati lililopakwa mafuta. Nitatafuta mimi huku. Nitumie namba ya injini, lakini si ile ya kibati cha mlangoni. Nataka iliyochongwa kwenye injini yenyewe, ubavuni, chini ya egzosi. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaiona.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Agosti. Sitasaini mwingine. Nikitoka kwenye haya mabirika nashika usukani wa lori la baba, nabeba mchanga na matofali ya watu, nanuka dizeli kama binadamu. Lori likifa nitarudi kwenye nini?

Nisalimie dereva wetu, Sukari. Mwambie asilikanyagie mafuta likiwa bado baridi. Kama kuna mtu huko anayeijua injini ile, ni yeye.

Ni mimi, ndugu yako wa kwenye chokaa.


Nyumbani, 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea mama kwa sauti hadi nilipofika kwenye makamasi, akasema inatosha, watu wanakula. Goti linamsumbua usiku, mchana analisahau kwa kunigombeza. Anasema upunguze maneno machafu na uongeze kula.

Huku kwetu kuko shwari. Mashine yangu ya kusaga nimeifunga kwa muda, umeme unasumbua. Nashona vifungo vya sare za shule kwa mkono, nakaa barazani, naona nani anapita na nani. Si maisha mabaya.

Namba hii hapa chini. Nimeinakili kutoka kwenye kibati cha mlangoni, maana kule ubavuni kumejaa kutu na hapasomeki. Lakini fundi anasema usijisumbue, cheni tunaweza kuipata hapahapa. Nami naona hivyo. Pumzika siku yako ya mapumziko, usizunguke madukani na uchovu huo.

Sukari yupo kwenye safari zake. Salamu zako nitampa nikimwona.

Dada yako.


Kiwandani, 11 Aprili

Dada,

Shikamoo kwako, na kwa mama pia. Mwambie nakula. Naziba pua, nameza.

Nilisema namba ya kwenye injini. Wewe umenitumia ya mlangoni. Mlango unawaka, dada? Mlango una pistoni? Lakini haidhuru, mlango na injini vilitoka kiwandani pamoja, namba zitaongea.

Nimezunguka mtaa mzima wa vipuri na nimerudi nikiwa nimechoka na binadamu. Duka la kwanza, kijana wa kaunta aliniona natoka upande wa kiwanda cha ngozi, akavuta shati mpaka puani.

"Unataka nini, mzee? Sema ukiwa hapohapo."

"Cheni ya taimingi."

"Lori gani?"

Nikamtajia. Akacheka. "Hilo bado linatembea?"

Akanitolea boksi la kung'aa kama la viatu vya harusi. Nikaitoa cheni, nikaishika ncha moja, nikailaza ubavu hewani. Cheni nzima ikiwa mpya inasimama, inapinda kidogo tu. Ile ilining'inia kama ulimi wa mbwa. Na hakuna namba hata moja kwenye viungo vyake. Nikamwambia, "Hii imeshazeeka ikiwa kwenye boksi." Akasema, "Basi tafuta yenye harufu yako."

Duka la pili walinionyesha iliyotoka kwenye injini nyingine, wameiosha kwa mafuta ya taa ikameta. Nilipoipitisha kidole, vijiringi vyake vikacheza kama meno ya bibi. Mwenye duka akaniambia kwa uso mkavu kwamba hiyo ndiyo bora, imeshazoea kazi. Dada, watu hawaoni haya. Unamuuzia mtu kifo cha injini yake kisha unamwambia karibu tena.

Niliipata mwisho kabisa kwa bwana mmoja asiyekuwa na boksi wala tabasamu. Imefungwa kwenye karatasi ya kahawia yenye nta. Njia mbili, safu mbili za viungo ubavu kwa ubavu, kama ile ya baba, vidole viwili vinakaa juu yake vizuri. Namba zimegongwa kwenye viungo. Nimechukua na gia zake zote, ya juu na ya chini, na kikazio, na vibao vya kuiongoza. Msimruhusu fundi afunge cheni mpya kwenye gia za zamani. Meno ya zamani yameshajipinda kama kucha za paka, yataila cheni mpya kabla ya mwaka. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa uvivu, halafu wanalaumu cheni.

Nimeipakia kwenye gari la mizigo. Mwite Sukari asimame pale fundi anapofunga. Yeye nilimwachia injini ile kama mtu anavyoachiwa mtoto.

Mdogo wako anayeziba pua.


Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama alikuwa na homa, imeondoka. Jirani wa nyuma kajenga ukuta, sasa hatuoni jua la jioni. Habari nyingine ni za kawaida.

Mzigo ulifika salama. Ni cheni nzuri, hata mimi nisiyejua niliona ni nzuri. Fundi alifungua ile karatasi, akaitazama, akanitazama. Akasema tusubiri kwanza. Haikukaa sawasawa.

Lori tumelisimamisha uani ili lisiharibike zaidi. Nimelifunika turubai.

Nataka kukuuliza kitu. Zipo cheni za njia moja? Nyembamba? Kama zipo, zinauzwaje, na zinafungwa kwenye injini za namna gani?

Mama anakusalimu sana.

Dada yako.


Kiwandani, 30 Juni

Dada,

Salamu zipo, lakini nimezifupisha maana nimejaa mpaka hapa.

Njia moja? Umeambiwa na nani habari ya njia moja? Mimi ndiye niliyemshikia baba taa alipofungua injini ile. Nimeiosha cheni yake kwa mikono hii. Ilikuwa njia mbili, nzito, ukiiangusha mguuni unachechemea. Cheni haikondi kama mtu mwenye homa, dada.

Nakwambia kinachotokea huko. Fundi wenu hajui kazi na anaona haya kusema. Au anajua kazi mno, anataka cheni yangu aiuze, akufungie takataka. Kila mtu mwenye spana siku hizi ni mwizi mwenye zana. Huku pia ni hivyohivyo. Wiki iliyopita walituletea glovu mpya, mkono mmoja umetoboka kabla hujauvaa. Tulipolalamika msimamizi akasema, "Ingizeni mkono mwingine kwanza." Chokaa imenila kucha mbili. Nikikwangua ngozi ya ng'ombe najiuliza ni nani kati yetu aliyekwisha kuchunwa.

Nataka uifungue cheni ya zamani unitumie. Yenyewe, mkononi mwangu, niione. Usiniandikie ilivyo. Itume. Na Sukari aniandikie mwenyewe anieleze kwa nini haikukaa. Mbona hajaniandikia hata mstari? Yeye hajawahi kunificha kitu.

Imebaki Julai na Agosti. Nahesabu kama mfungwa.

Ndugu yako.


Nyumbani, 25 Julai

Mdogo wangu,

Mama mzima. Mimi mzima.

Cheni uliyoitaka nimeifunga kwenye kipande cha gunia, nimempa dereva wa mizigo. Ukiipata, itazame, kisha ununue inayofanana nayo na gia zake. Usiniulize chochote kwa sasa. Nunua, uje nayo. Ukishakuwa hapa nyumbani nitakueleza nikiwa nakuangalia usoni. Si jambo la barua.

Dada yako.


Kiwandani, 29 Agosti

Dada,

Gunia lako limefika. Nililifungua kitandani, wenzangu wakitazama. Ilidondoka cheni ya njia moja, nyembamba kama ya baiskeli, imechoka kabisa.

Nilikaa nayo mapajani. Bubu akaniuliza, "Nani kafa?" Kisha akainuka akanizimia taa.

Cheni hii haijawahi kuwa ndani ya injini ya baba. Kwa hiyo injini iliyomo kwenye lori si ya baba. Ndiyo maana ubavuni "hapasomeki". Ndiyo maana ulinipa namba ya mlango. Ulijua tangu Machi, ukaniacha nizunguke madukani nikizibiwa pua na watoto, nikichagua gia za injini ambayo haipo. Iko wapi, dada? Mmeiuza? Mmeila? Mimi nakwangua makamasi ya ng'ombe ili lori la baba lipate cheni, na ninyi mmeshalitoa moyo mkaliwekea wa mzoga, mkalifunika turubai.

Nimepata kinyaa. Cha ngozi nimekizoea, hiki cha nyumbani sikuwa nimekijua.

Jana ilikuwa siku ya kusaini. Nilikuwa nimeshafunga begi. Nikaenda ofisini, msimamizi akanisukumia karatasi kwa dharau kwa sababu alijua sitaitaka.

"Wewe si unaenda kuwa tajiri wa lori?"

Nikamwambia, "Kalamu."

Akanitazama. "Miaka miwili mingine, unajua?"

"Nimesema kalamu."

Nimesaini. Usinisubiri. Mwambie mama chochote unachotaka, wewe ni fundi wa kumwambia mtu chochote. Na Sukari mwambie sina kinyongo naye, najua mlimficha kama mlivyonificha mimi.

Sina la kuongeza.


Nyumbani, 12 Septemba

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, na siku zinakwenda, nadhani umekasirika. Una haki. Mama ameniambia jana, "Mwandikie, au nitamwandikia mimi, na mimi sijui kuandika." Kwa hiyo naandika, japo nilitaka uso kwa uso.

Injini ya baba haipo. Ilikufa mwaka wa kwanza baada ya wewe kuondoka. Sukari aliendesha kutoka machimbo ya mchanga kuelekea mjini bila maji, taa nyekundu ikiwaka mbele yake, kwa sababu alikuwa anashindana na lori jingine na abiria wake wa kike alikuwa anacheka. Injini ikashika, isizunguke tena, njiani pale mlimani. Aliliacha lori barabarani na mchanga wa watu juu yake, milango wazi. Baada ya wiki nikasikia anaendesha basi upande mwingine. Hajanisalimu tangu siku hiyo. Hizo "safari zake" ndizo hizo.

Sasa niambie, ningekuandikia nini? Sukari ulimchagua wewe. Nilikwambia simwamini, anacheka mno, ukaniambia, "Dada, wewe ujue unga, injini niachie mimi na Sukari." Ulisimama hapa mlangoni, ukampa funguo mbele yangu. Kila barua unaniambia nisalimie Sukari. Sukari hivi, Sukari anaijua injini. Nilikuwa nasoma huku nauma meno. Nilijiambia, akijua, ataacha kazi kule aje kumtafuta mtu na rungu, au atakata tamaa abaki hukohuko. Nilitaka urudi ulikute lori linawaka.

Kwa hiyo niliuza mashine ya kusaga. Haikuwa umeme. Pale kwenye kinu sasa pana mtu anauza simu. Nilinunua injini iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, fundi akaifunga, na imebeba mchanga kwa dereva wa kukodi mpaka Januari hii ilipoanza kukereketa. Kosa langu ni moja, nilidhani cheni ni cheni, nikadhani utaleta yoyote na itaingia. Fundi alipoiona yako ilivyo nene alicheka, mimi nikaenda nyuma ya nyumba.

Hujaibiwa. Hakuna aliyekula kitu. Mtu aliyekula ni yule uliyempa funguo.

Jambo jingine, nimejifunza kuendesha. Fundi amenifundisha kwa gari la jirani. Mama anafunga dirisha nikipita.

Kama bado hujasaini, usisaini. Chukua cheni ya njia moja, uitie kwenye begi, uje. Lori liko uani, mbele pamefunguliwa, linangoja hiyo tu.

Dada yako.


Kiwandani, 18 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Naiandika tena, shikamoo.

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu ya Agosti najua umeshaisoma. Ukiweza ichome, usimsomee mama. Yako niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya birika, buti zimejaa maji ya chokaa, na msimamizi akiniita.

Nilikwenda ofisini kuomba ile karatasi ichanwe. Nilisema kwa adabu, kofia mkononi. Msimamizi alicheka hadi akashika meza. "Unafikiri ni tiketi ya basi?" Nikatoka. Kwa hiyo nipo hapa mpaka karatasi iishe. Nilitia saini kwa hasira ya kitu kisichokuwepo, na mtu niliyemtetea ndiye aliyenitia humu. Sukari! Nimelitamka jina lake leo mbele ya ngozi nne za ng'ombe, na nimezionea huruma kwa kulisikia.

Lakini lori lisilale. Nimekwenda tena kwa yule bwana asiye na tabasamu. Nikaiweka cheni yako ya zamani kwenye kaunta, tukailaza mpya kando yake, tukaenda kiungo kwa kiungo kwa kidole mpaka mwisho. Ya zamani imerefuka karibu kiungo kizima, ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Tumepima upana, tumepima na gia. Aliniuliza, "Kwani ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?" Nikamwambia ilikuwa safi kabisa, injini ndiyo ilikuwa nyingine. Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Mzigo anakuletea Bubu. Mkataba wake umeisha wiki hii, hakusaini mwingine, anarudi kwao na atapita kwenu. Ataongea. Mpe kiti na maji, msikilize kidogo, kisha mwonyeshe barabara.

Mwambie fundi azilinganishe alama, ya gia ya juu na ya chini. Kabla ya kuwasha, aizungushe injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, polepole. Ikikwama popote asilazimishe, arudie alama. Wewe simama hapo. Usikubali akuambie uende jikoni. Ile ya njia mbili muuzie mwenye injini yake, uanzie hapo kutafuta mashine ya kusaga. Sikuombi ruhusa na wewe usinibishie.

Kisha shika usukani mwenyewe. Lori ni lako kama lilivyo langu, na zaidi, maana wewe ulililipia kwa mashine yako, mimi kwa maneno. Maji, mafuta, taa nyekundu, hayo unayajua kuliko wote. Na nikimsifu mtu yeyote katika barua zangu, huyo usimpe funguo.

Ombi langu ni hili tu. Lisipowaka, niandikie halijawaka. Likifia mlimani, niandikie limefia mlimani, na mchanga ulikuwa wa nani. Mama akiugua usiandike homa imeondoka, andika iko wapi. Usinifutie kitu kabla hujakileta. Mimi hapa nafuta uchafu wa watu tangu asubuhi, wa kwenu nipeni kama ulivyo.

Ni mimi, mdogo wako.